Kanuni za gofu kwa mcheza wikiendi: kitabu kizima, kitabu kilicholegezwa au mapatano yenu?

Kundi lolote la marafiki linaloanza gofu hufika kwenye swali hili mapema, mara nyingi siku ileile ya kwanza, mpira unapozamia kwenye majani. Mmoja anasema rudi ulikotoka upige tena. Wa pili anasema weka hapahapa, ongeza moja, twende. Wa tatu, aliyewahi kucheza Lugalo alipokuwa Dar, anasema kanuni zina kitu cha katikati ila hakikumbuki vizuri. Jua linazama, na bado mko shimo la nne.

Hapo ndipo linapokuja lile lalamiko kwamba kanuni za gofu ni ngumu mno kwa mtu anayecheza kujifurahisha. Lina ukweli wake. Kanuni za kwanza zinazojulikana kuandikwa, za wachezaji wa Leith kule Uskoti mwaka 1744, zilikuwa vifungu 13 tu. Leo zinatungwa kwa pamoja na R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu. Mwaka 2019 zilifanyiwa usafi mkubwa na kupunguzwa kutoka 34 hadi 24, lakini kila kanuni bado ina vifungu vyake na vijifungu chini yake, na mwaka 2023 yakaingia marekebisho mengine yaliyoongeza kanuni ya 25. Kitabu unakipata bure kwenye simu. Ila tunachokisoma sisi ni cha Kiingereza, tena Kiingereza cha mwanasheria.

Kwa mchezaji wa Tabora, hata hivyo, urefu wa kitabu si tatizo la kwanza. Kinachosumbua ni kwamba watu wanne wanaanza kucheza bila kusema wanafuata utaratibu upi, na kila mmoja anao wake kichwani. Taratibu zenyewe ni tatu, na zote nimeziona zikichezwa hapa mjini na watu wazima wenye akili zao. Kuna kitabu kizima, yaani kuhesabu kila mkwaju kuanzia shimo la kwanza hadi la mwisho bila kulegeza kitu. Kuna kitabu kilicholegezwa kihalali, maana kitabu chenyewe kina milango ya nafuu ambayo wengi hawajui kuwa ipo. Na kuna mapatano ya marafiki, ambayo kitabu hakiyatambui.

Vipimo vya kulinganishia

Nitazipima zote tatu kwa mambo matano. La kwanza ni muda: wengi wetu tunatoka saa kumi jioni joto likipungua, na jua la Tabora huzama karibu saa moja, kwa hiyo hatuna hata saa tatu kamili. La pili ni kichwa, yaani mzigo wa mambo ya kukumbuka. La tatu ni ubishi, na namna unavyokatwa. La nne ni mfuko, kwa sababu mipira na fimbo tunaagiza Dar, na mpira uliopotea ni hela iliyopotea. La tano ni kadi: hayo matokeo uliyoandika yanatambuliwa wapi zaidi ya hapo mlipo.

Kitabu kizima

Kichwa. Hapa watu huogopa kupita kiasi. Kanuni ni 25, lakini mchezaji wa kawaida kwenye mzunguko mmoja anakutana na mambo sita au saba yaleyale. Mpira umepotea au umetoka nje ya vigingi vyeupe: mkwaju mmoja wa adhabu, na unarudi kupiga pale ulipopigia. Umeingia eneo la adhabu, yaani bwawa, korongo au kichaka kilichozungushiwa vigingi vyekundu au vya njano: unaweza kuupiga ulivyolala bila adhabu, au ukalipa mkwaju mmoja na kuutoa, kwa vigingi vyekundu unaruhusiwa kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovukia mpaka, bila kusogelea shimo. Umekaa pasipopigika: mkwaju mmoja, na mwenye kuamua kwamba haupigiki ni wewe mwenyewe, huombi idhini ya mtu. Umesimama juu ya barabara ya lami au mfuniko wa bomba: unauhamisha bure. Kudondosha ni kutoka usawa wa goti, si bega kama zamani. Kwenye bunka, yaani shimo la mchanga, fimbo isiguse mchanga nyuma au mbele ya mpira kabla hujapiga. Kwenye grini, yaani nyasi laini zinazozunguka shimo, unaweka alama, unainua, unasafisha, unarudisha. Bendera ukitaka iache shimoni, tangu 2019 haina adhabu.

Ukiyajua hayo, umemaliza sehemu kubwa ya mambo ya Jumamosi.

Na kuna kurasa zilizoandikwa kana kwamba mwandishi alipita Tabora. Mpira ukitua chini ya mti wenye nyuki wakali, au karibu na nyoka mwenye sumu, hulazimiki kuwa shujaa: kanuni ya 16.2 inakuruhusu kuuhamisha bila adhabu kwa sababu ya mnyama wa hatari, na nyuki wametajwa humo kwa jina. Kwenye mkoa wa asali, hilo si jambo la kuchekesha. Shimo lililochimbwa na mnyama nalo unalikwepa bure. Vile vichuguu vidogo vya sisimizi unavipangusa kama unavyopangusa jani kavu. Mbwa akiondoka na mpira uliotulia, au mtoto akiuokota akidhani umetupwa, unaweka mpira pale ulipokuwa na kuendelea bila adhabu, mradi mna hakika kwamba ndivyo ilivyotokea. Kuhisi tu kwamba "lazima ni wale watoto" hakutoshi.

Muda. Hapa ndipo kitabu kizima kinapombana mcheza wikiendi. Kutafuta mpira ni dakika tatu (zamani zilikuwa tano), na usipouona unarudi nyuma pengine mita 200, unapiga tena, unatembea tena. Kundi la watu wanne wenye mikono ya kujifunza likifanya hivyo mara mbilimbili kila mtu, giza litawakuta. Dawa iliyomo kitabuni ni mpira wa akiba: ukihisi wa kwanza umepotea nje ya eneo la adhabu au umetoka, unapiga wa pili kabla hujaondoka. Ila lazima utamke kwamba ni wa akiba. Ukisema tu "ngoja nipige mwingine", huo mwingine ndio unakuwa mpira wako halali pamoja na adhabu yake, hata kama wa kwanza utaukuta umekaa vizuri katikati ya nyasi fupi. Kitu hiki kimoja kimeshawaponza wengi kuliko bunka zote.

Mfuko. Kitabu kinaruhusu fimbo zisizozidi 14, na hakiruhusu kupiga kwa fimbo ambayo mwenzako uwanjani anaitumia. Yaani marafiki wanne wanaopokezana mfuko mmoja, hali ambayo huku kwetu ni ya kawaida, kila shimo wanavunja kanuni: mikwaju miwili kwa kila shimo lenye kosa, mwisho minne kwa mzunguko. Watu husoma kanuni za bunka hadi usiku na hii hawajawahi kuisikia.

Ubishi. Nguvu ya kitabu ni hapa. Jibu lipo, na halimjui mkubwa wala mdogo. Mkikwama hakuna mwenye uhakika, kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju unaruhusiwa kumalizia shimo lile kwa mipira miwili, utangulize kusema upi ungependa uhesabiwe, kisha uwaeleze waandaaji kabla hujarudisha kadi. Lakini gofu ya kawaida haina refa anayekufuata, unajihukumu mwenyewe. Bobby Jones alijitoza mkwaju mmoja kwenye mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1925 kwa mpira alioona yeye kwamba umesogea, na akaja kushindwa kwenye mchezo wa marudiano.

Hadithi zinazowatisha wageni ni nyingine. Mwaka 1968 kwenye mashindano ya Masters, Roberto De Vicenzo alisaini kadi iliyokuwa imeandikwa 4 badala ya 3 kwenye shimo la 17. Namba kubwa ikabaki, na nafasi ya kurudiana na Bob Goalby ikapotea. Mwaka 1987 Craig Stadler alipiga magoti juu ya taulo chini ya mti ili suruali isichafuke, ikahesabiwa kuwa amejijengea mahali pa kusimamia wakati wa kupiga, na kwa kuwa hakuandika adhabu hiyo kwenye kadi aliondolewa. Mwaka 2017 Lexi Thompson alitozwa mikwaju minne baada ya mtazamaji wa televisheni kuandika barua pepe kwamba alirudisha mpira kando kidogo ya alama. Hiyo ya mwisho iliwaudhi watu kiasi kwamba tangu 2018 mashindano makubwa hayapokei tena malalamiko ya watazamaji. Ni visa vya kweli, lakini ni vya watu wanaochezea mamilioni mbele ya kamera. Kwenye uwanja wetu anayekutazama ni mbuzi.

Kadi. Inatambuliwa popote. Anayetaka handikapu (mikwaju ya nafuu anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake) ya mfumo wa dunia ulioanza 2020 anahitaji alama za mashimo 54 kwa kuanzia, zilizochezwa kwa kanuni na mbele ya mtu mwingine, na ziingizwe kupitia klabu.

Inamfaa aliye na fimbo zake, anayesafiri kikazi na kucheza Dar, Morogoro, Arusha au Moshi, na yule ambaye kwake namba ni namba: 97 ya leo aipime na 101 ya mwezi jana bila kujidanganya. Haimfai kabisa anayegusa fimbo kwa mara ya kwanza. Atahesabu mikwaju 11 kwenye shimo moja, arudi nyumbani, na hatarudi tena.

Kitabu kilicholegezwa kihalali

Wengi wanadhani ukiacha kuhesabu mikwaju yote umeacha kanuni. Sivyo. Kitabu chenyewe kina aina kadhaa za mchezo na kinawapa wasimamizi wa uwanja au mashindano orodha ya kanuni za nyongeza wanazoweza kuzitangaza kabla ya kuanza. Kama uwanja mmejifyekea wenyewe na mashindano ni yenu, wasimamizi ni ninyi.

Muda. Mchezo wa pointi za Stableford umeitwa kwa jina la daktari Mwingereza, Frank Stableford, na ulianza kuchezwa kama mashindano kwenye klabu ya Wallasey mwaka 1932. Hesabu yake ni hivi: ukipata sawa na kiwango cha shimo, yaani mikwaju iliyopangiwa shimo hilo, unapewa pointi mbili, ukizidisha mkwaju mmoja pointi moja, ukipunguza mmoja pointi tatu, na ukizidisha miwili au zaidi huna kitu. Uzuri wake kwa anayekimbizana na jua ni kwamba ukishafika pasipo na pointi unaokota mpira wako na kwenda shimo linalofuata, kadi haiharibiki. Na handikapu inaingia humohumo. Mwenye handikapu 54, ambayo ndiyo ya juu kabisa, kwa hesabu rahisi anapewa mikwaju mitatu kila shimo, kwa hiyo saba yake kwenye shimo lenye kiwango cha nne ina thamani sawa na nne ya mchezaji mwenye handikapu sifuri. Wote wanaandika mbili.

Asiyetaka pointi anaweza kucheza kwa kikomo: mnatangaza kwamba hakuna shimo litakaloandikwa zaidi ya, tuseme, mara mbili ya kiwango chake. Ukigonga kikomo unaokota.

Halafu kuna nyongeza inayojulikana kama E-5, ile ambayo jamaa wa Lugalo hakuikumbuka vizuri. Mkiitangaza, aliyepoteza mpira au aliyetoa nje harudi nyuma. Anakadiria pale mpira ulipopotelea au ulipovukia mpaka, anatafuta ukingo wa nyasi fupi ulio sambamba na hapo bila kusogelea shimo, anadondosha eneo hilo kwa mikwaju miwili ya adhabu. Ulipiga mmoja, ukaongezewa miwili, sasa unapiga wa nne. Ni karibu sawa na kama ungerudi ukapiga mkwaju mzuri, ila umeokoa matembezi. Haitumiki kwa mpira ulioingia eneo la adhabu, wala pale ambapo mpira wa akiba uliopiga umeonekana, na haishauriwi kwa mashindano ya wachezaji wa juu. Kwa Jumamosi jioni, sijaona kitu kinachookoa muda zaidi ya hiki.

Kichwa. Sitadanganya kwamba hapa mzigo ni mwepesi. Yale mambo sita au saba bado unayahitaji, na juu yake unaongeza nyongeza mlizotangaza. Hesabu ya pointi nayo huwachanganya wageni kwa mzunguko wa kwanza. Mtu mmoja kwenye kundi lazima awe amesoma, wengine wamfuate.

Mfuko. E-5 haiokoi mipira, iliyopotea imepotea. Ila kwenye fimbo kuna mwanya mzuri. Mkicheza wawili kwa wawili, wenza wa upande mmoja wanaruhusiwa kupokezana fimbo ilimradi jumla yao haizidi 14. Watu wanne wenye mifuko miwili wanaweza kucheza kwa kanuni bila kosa lolote. Kuna nyongeza nyingine ya kulinda fimbo na kifundo cha mkono: mnaweza kutangaza kwamba mizizi ya miti na mawe yaliyojitokeza kwenye nyasi fupi au karibu nayo yanakwepwa bure. Na kile kichuguu kikubwa cha mchwa kilichokauka, wasimamizi wanaweza kukizungushia alama kuwa ni sehemu ya matengenezo, mpira uhamishwe bila adhabu. Kiangazi, udongo ukishapasuka, mnaweza pia kuruhusu mpira ulio kwenye nyasi fupi uinuliwe, usafishwe na kuwekwa vizuri ndani ya umbali mliopanga.

Ubishi. Kwa hili nausifu hasa mchezo wa shimo kwa shimo, ambapo mnashindana nani kachukua shimo lipi na jumla ya mikwaju haina kazi. Kwanza, mwenzako anaweza kukusamehe mkwaju wa mwisho ulio karibu na shimo, na msamaha huo ni halali kabisa. Kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, kusameheana huko kunaweza kukuondoa mashindanoni. Pili, mkikwama kwenye kanuni, ninyi wawili mnaruhusiwa kukubaliana jibu na kuendelea, na jibu hilo linabaki hata ikija kugundulika kesho kwamba lilikuwa na makosa. Sharti ni moja: msikubaliane kufumbia macho kanuni ambayo mnaijua. Kwa watu wasiotembea na kitabu, kanuni yenye huruma kuliko hii hakuna.

Kadi. Inatambuliwa sawasawa na ile ya kwanza, kwa kuwa pointi na kikomo zinakubalika kwenye mfumo wa handikapu; shimo kwa shimo hutegemea nchi. Hili huwashangaza hata wakongwe.

Inafaa kundi lililokwisha kuzoeana, lenye viwango vilivyopishana sana, na lenye angalau mtu mmoja mvumilivu wa kusoma. Haifai pale ambapo huyo mtu mmoja anageuka kuwa hakimu wa kila mpira. Nimeona makundi mazuri yakivunjika kwa sababu ya msomi mmoja.

Mapatano ya marafiki

Mpira wa mwalimu kijana ulikuwa umejibana katikati ya mizizi miwili ya mwembe, nusu yake tu ndiyo inaonekana. Akachomoa fimbo namba saba, akajipanga. Mzee mmoja mstaafu wa reli akamzuia kwa mkono.

"Mwanangu, hiyo fimbo ni ya nani?"

"Ni yako, mzee wangu."

"Basi sogeza mpira."

Akausogeza. Wa tatu akauliza, "Kausogeza bure au kwa moja?" Kimya. Hakuna aliyekuwa amelisema hilo kabla. Kwa kitabu kizima, mzizi ni sehemu ya uwanja: unaupiga ulivyo, au unalipa mkwaju mmoja kwa kusema haupigiki. Kwa kitabu kilicholegezwa ungekwepa bure, kama mlitangaza. Kwa mapatano, jibu ni lile mlilopatana asubuhi, na kama hamkupatana, jibu ni la mwenye fimbo.

Ubishi. Ndiyo nguvu na ndiyo udhaifu wa njia hii. Ni kama drafti ya kijiweni: ukihama kijiwe unauliza kwanza kama kula ni lazima, hapo mambo yanakwenda. Mapatano yaliyosemwa yakiwa matano au sita yanatosha mzunguko mzima. Mapatano yasiyosemwa huvumbuliwa mpira ukiwa tayari majanini, na yatamsaidia nani yanajulikana kabla hayajatamkwa. Hapo pia umri huingia. Kijana hawezi kumwambia mzee aliyempa shikamoo asubuhi kwamba ule ulikuwa mkwaju wa saba. Kitabu kingemwambia badala yake.

Muda. Hakuna njia ya haraka kuliko hii. Mpira umepotea, weka pale mnapodhani umepotelea, ongeza moja, songa. Mkwaju wa kwanza ukiharibika, rudia mara moja bure. Ukifika karibu na shimo kwa urefu wa fimbo, okota. Mashimo tisa yanaisha na bado mnapata muda wa soda.

Kichwa. Hakuna cha kusoma. Mgeni anaelezwa akiwa anafunga kamba za viatu.

Mfuko. Mfuko mmoja wa fimbo unawatosha wanne. Hata shimo lenyewe si tatizo: la kitabu lina kipenyo cha milimita 108, la kwetu linafuata kopo lililopatikana. Ndiyo maana kwa mji ambao vifaa vinatoka mbali, sioni haki ya mtu kuiita njia hii gofu ya uongo. Bila hii, wengi wasingeanza.

Kadi. Haina thamani nje ya kundi lenu, na hilo mlikubali tangu mwanzo. Kanuni ya 1.3 inasema wachezaji wanaokubaliana kupuuza kanuni au adhabu wanayoijua wanaondolewa, kwa hiyo mapatano hayaingii kwenye mashindano hata kama nyote wanne mmeridhia. Hatari kubwa ni mazoea. Aliyezoea kusukuma mpira kwa ncha ya fimbo hadi ukae vizuri ataufanya hivyohivyo siku ya mashindano Dar, mkono utatangulia kabla ya akili. Akiupiga kutoka alipousogezea, ni mikwaju miwili. Na namba hudanganya: mtu anayeandika 88 kwa mapatano atashangaa kuandika 104 kwa kitabu, kisha atalaumu nyasi.

Inawafaa wanaoanza, watoto, wageni wa siku moja, familia, na kundi ambalo gofu kwao ni kisingizio cha kutembea na kupiga soga. Haiwafai wanaowekeana dau. Dau na mapatano ya mdomo havikai nyumba moja.

Uchague nini, kwa hali yako

Kama kundi lenu lina wiki chache tu, anzeni na mapatano, lakini yasemeni kwa sauti kwenye shimo la kwanza, au yaandikeni kwenye kundi la simu. Mambo ya kutaja ni haya tu: mpira uliopotea, mizizi na mawe, marudio ya mkwaju wa kwanza, umbali wa kuokota karibu na shimo, na mwisho wa kuhesabu kwenye shimo moja. Mtani wangu mmoja Mzaramo alitaka liongezwe la sita, kwamba asichekwe. Lilikataliwa.

Kama mnacheza jioni baada ya kazi na mnataka matokeo yenye maana kidogo, chukueni pointi za Stableford pamoja na E-5. Kama mko wawili tu, chezeni shimo kwa shimo. Hata msipojua kanuni nusu, mtamaliza salama. Kama mko wanne na mifuko miwili, wawili kwa wawili.

Kama kuna dau, hata la soda, fuateni kitabu, kizima au kilicholegezwa, na mkubaliane kabla ni nani atafungua simu kutafuta jibu. Asiwe anayeongoza.

Kama umealikwa kwenye mashindano ya klabu Dar au kwingineko, mizunguko yako ya mwisho kabla ya safari icheze kwa kitabu kizima, hata kama wenzako hawachezi hivyo. Fika mapema usome karatasi ya kanuni za uwanja huo. E-5 ya kwenu inaweza isiwepo, na vigingi vya rangi utavikuta pale ulipozoea kuona majani tu. Kabla ya kusaini kadi, soma namba ya kila shimo, maana wewe ndiye unayewajibika nayo hata kama mwenzako ndiye aliyeiandika.

Kama ni mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo au kifundo, usipigie mizizi kwa utaratibu wowote ule. Lipa mkwaju mmoja uhame, au mpatane mhame bure.

Na kama kundi zima linacheza kwa mapatano lakini mmoja wenu anatafuta handikapu, hakuna haja ya kugombana wala kugawana uwanja. Yeye acheze mpira wake kwa kitabu, na fimbo zake mwenyewe, bila marudio na bila kusamehewa, huku wengine mkiendelea na yenu. Mumchagulie mmoja wa kumwandikia kadi ambaye hamwonei haya.